Risasi za Bunduki ya Baba

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Assalaam alaykum, Baba. U hali gani huko uliko? Umepumzika? Nakuandikia wewe kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu, na moyo lazima useme na mtu. Sisi wazima. Huku Guangzhou, China, kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, goti linanisumbua. Alhamdulillah.

Leo mwanao Marijani kanitumia picha. Anaezua nyumba yako ya Tunduru aweke bati jipya. Darini, juu ya chumba cha kati, kakuta gunia. Ndani ya gunia blanketi la jeshi. Ndani ya blanketi – bunduki! Ndefu, mbao nyekundu, singe imekunjwa chini ya mtutu. Mafuta yameigandia kama lami. Ubavuni maandishi ya Kichina.

Miaka arobaini na sita, Baba. Tangu uliporudi vitani Uganda. Tumekula chini yake, tumeolewa chini yake, wewe mwenyewe tumekukafini chini yake.

Marijani wala hakuogopa. Kafurahi! Tembo wamemaliza mahindi yake, mwezi uliopita wamemkanyaga mtu kijiji cha pili. Askari wa wanyamapori wanakuja na baruti za kelele, tembo wameshazizoea. Ananiambia: "Dada Chausiku, si imetengenezwa huko huko uliko? Wewe unapata mpaka vifungo vya suruali. Nitafutie risasi kumi tu, uzifiche ndani ya belo la jinzi unazosafirisha."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jumanne, 15 Aprili

Ningekataa tangu jana. Lakini ni mdogo wangu wa pekee, na mwaka wa pili huu havuni.

Nikafanya kama tunavyofanya siku zote. Huku kitu usichokijua jina unaonyesha picha. Zipu, kipuri cha cherehani, soli ya kiatu – unaonyesha picha, unaelekezwa ghorofa. Nikaenda soko la Zhanxi. Mama mmoja anayeniuzia jinzi, huwa ananiita "rafiki, rafiki". Alipoiona picha aliishika simu yangu akaisukuma chini ya meza. "Meiyou!" Hakuna. "Meiyou, meiyou!" Uso umempauka. Wa pili alishusha shata, mlango wa bati wa duka. Saa saba mchana!

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaiweka picha kwenye kikundi chetu cha wafanyabiashara. "Wapendwa, nani anajua duka la risasi za hii?" Kama naulizia soksi!

Dakika tatu hazikupita, Hasna wa Unguja, kiongozi wetu, akapiga. "Weye Bi Chausiku, una wazimu? Futa! Hapa hata kisu cha kukatia nyama hupiti nacho stesheni ya treni, weye watafuta risasi? Utatufungisha sote kwa tembo wenu wa Tunduru!"

Nimefuta. Nimemwomba radhi, na Mwenyezi Mungu pia.

Nilipotia udhu wa alasiri mikono yangu ilinuka mafuta. Nikanawa na sabuni. Mara tatu. Bado. Halafu nikaijua ile harufu – ni ya chumba cha kati! Sisi tulidhani ni popo.

Jumatano, 16 Aprili

Akaunti yangu ya ujumbe imefungwa, bila shaka kwa ile picha. Kikundi siingii, Marijani simwoni, yeye hanioni. Imebaki simu ya kawaida tu. Yake haipatikani.

Nikampigia Mama. Shikamoo, marahaba, hali ya hewa. Kisha nikauliza habari za chumba cha kati.

"Baba yako alikataza kupigilia msumari chumba kile," akasema. "Hata kalenda hatukutundika. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia, mama Chausiku, usimwamshe."

Usimwamshe nani, Mama?

"Sikuuliza. Mume akirudi vitani, kuna mambo mke haulizi. Kila baada ya alasiri alikuwa anakaa pale kwenye kigoda, kaangalia juu. Kama mtu anayeuguza mgonjwa."

Nikakumbuka. Kigoda nakikumbuka. Tulikuwa tunapita mlangoni kwa kunyata, tunadhani unavuta uradi.

Mama anasema Marijani ameshachoka kunisubiri. Kaamua aifungue kwanza, risasi zitafuata. Kile kishikizo cha kuvuta pembeni hakiendi mbele wala nyuma. Jumamosi saa nne anaipeleka kwa Alphonce, fundi wa kuchomelea, aipashe moto mafuta yayeyuke.

Nikasema haya, vizuri. Nilisema hivyo, Baba. Vizuri!

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeswali, nimekusomea Yasini, nikaenda soko la Shahe kufunga mabelo yangu. Pale stoo kuna mlinzi, mzee Liang. Ana miaka sabini na kitu, amenyooka kama ufito. Ananiita laoban, yaani bosi, kama wanavyomwita hata anayenunua fulana tatu. Tunazungumza kwa simu: anasema kwao, simu inanitafsiria.

Akaniuliza kwa nini uso wangu umeanguka. Mungu anisamehe, nikamwonyesha picha. Bado iko kwenye simu.

Huyu hakuisukuma. Alikaa chini. Alitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mwenzake wa darasa. Ujanani alikuwa mgambo kijijini kwao, na bunduki waliyofundishiwa ni hii hii. Akachukua mwavuli, akasimama wima, akauweka begani. Wabebaji wakacheka. "Mzee, vita imekwisha!" – nadhani ndivyo walivyosema. Hakuwajali.

Inakula kumi, akasema. Unavuta kifyatulio mara moja, inatoka moja, na nyingine inapanda yenyewe. Ya kumi ikitoka, kifuniko cha juu kinabaki nyuma. Akakunja kiganja kunionyesha. "Ikiwa na njaa, inaachama."

Kisha akaikuza picha kwa vidole viwili. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Laoban. Hii imefunga kinywa."

Nikasema ni kutu, ni ya zamani.

Akatikisa kichwa. Haijifungi yenyewe ikiwa tupu. Kuna mtu aliifunga. Labda aliifunga tupu, kwa kusudi. Labda ya mwisho ilipanda na hakuifyatua. Kwa nje huwezi kujua. Tena mafuta yakigandia ile pini yake, inaweza kulia bila kuguswa kifyatulio. Akauliza polepole: hawajaigonga? Hawajaipasha moto?

Nikaiambia simu: kesho saa nne, kwa fundi wa kuchomelea.

Mzee Liang aliulaza mwavuli chini taratibu, ncha imeelekea ukutani. Mwavuli, Baba!

Jumanne nilizunguka natafuta risasi kumi. Huenda moja ilikuwa nyumbani muda wote, juu ya vichwa vyetu.

Nimepiga simu tangu hapo. Simu ya Marijani haipatikani. Ya Mama haipatikani – umeme umekatika kwao, na yeye simu huipeleka kuchaji sokoni. Nimemwomba Hasna anitumie ujumbe kwa akaunti yake. Hakunitukana. Kasema tu, "Sema, da Chausiku, nakurikodia."

Jumamosi, 19 Aprili

Saa mbili asubuhi hapa, kwao bado usiku wa manane. Ujumbe haujafika.

Saa sita. Haujafika. Hasna kaja chumbani kwangu, mtaa wa Liuhua, na chupa ya chai. Kaacha mzigo wake sokoni. Sikumwita.

Saa nane. Kwao saa tatu. Mama kapokea! Nimempigia kelele mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Marijani kaondoka mapema, kaifunga bunduki kwenye lile blanketi, kaibeba kwenye baiskeli. Simu kaiacha kitandani, haina chaji. Namba ya Alphonce hana.

"Barabara yote ina mashimo," Mama akasema. Hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. Nikasikia anaita bodaboda. Miaka sabini na minane! Nikasikia injini, upepo, anasoma Ayatul Kursiy. Kisha mtandao ukapotea.

Saa tisa kasorobo. Hasna anapiga, mimi naandika.

Saa tisa kasoro tano. Haipatikani.

Saa tisa. Kwao saa nne.

Baba, wewe ndiye uliyeifunga. Hakuna mwingine anayejua. Sikuulizi tena uliyoyaona huko, wala ulimwekea nani. Niambie hili tu – imo au haimo? Nijibu, Baba. Nakuomba unijibu mapema.