Shabiki Aliyepiga Simu Redioni

Mdogo wangu Verlon,

Huku mahindi tumeshavuna, na goti langu bado linanisumbua. Jumamosi tulichoma mbavu za nguruwe nje ya uwanja wa chuo, kisha tukafungwa tena. Mwanao Tucker, mrusha mpira wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, kila alichorusha kilidakwa na wapinzani. Uwanja mzima ukamzomea. Mimi nilimshangilia hadi sauti ikakauka.

Baada ya mechi alikuja kula kwangu. Redio ilikuwa imewashwa, kipindi kile cha mashabiki kupiga simu. Akaingia mmoja, akakohoa, eti ni Ray wa Dallas: “Mtoeni huyo dogo! Gogo kabisa! Hata bibi yangu angerusha vizuri!”

Ray gani, Verlon? Kikohozi chako nakijua tangu utotoni. Huna hata haya! Kumzomea mwanao mwenyewe, tena kwa jina la kuazima!

Nikakimbilia kuizima redio. Tucker akanishika mkono.

“Iache, shangazi. Tangu Baba ahame sijaisikia sauti yake.”

Akasikiliza mpaka ukakata simu.

Namba ya redio uliitafuta ukaipata. Ya mwanao unayo siku zote.

Dada yako, mwenye hasira,
Nadine