Mama Aliyejibu Kwenye Maji

Ni mwaka sasa tangu utuache, Mama Lillian, na tumepata tatizo. Jumapili hii mwanao Yangi anambatizisha binti yake hapa Koboko, na alikuwa hataki kusikia jina la mama wa ubatizo yeyote. "Mama alikuwa mmoja," alisema. "Nani mwingine anajua kujibu?"

Hadithi hii uliipenda, basi tunaisimulia tena.

Siku ile ulikwenda Arua kuuza simsim. Mvua ikakukimbizia kanisani, ukakaa benchi la mbele na gunia lako, ukasinzia. Mbele yako alisimama Keji, mkimbizi kutoka Sudan ambaye hukuwahi kumwona, na mtoto wake mchanga. Suzan, aliyepaswa kuwa mama wa ubatizo, alikuwa amekwama Onduparaka katikati ya watu waliotoka mpirani. Padri, akimtafuta mama wa ubatizo, akauliza, "Mama iko wapi?"

Ukashtuka. "Iko hapa, Fadha."

Ukapewa mtoto. Ukaulizwa kama unamkataa Shetani. "Nakataa," ukasema, kwa sauti ile ya kufukuza kuku kwenye mtama. Suzan alipofika, amelowa chapachapa, mtoto alikuwa tayari James Yangi.

"Dada, huyo iko wangu."

"Umechelewa. Mimi nimejibu tayari."

Tulicheka miaka. Kisha Keji akafariki, Yangi akiwa bado mdogo, nawe ukamleta nyumbani kwetu Abuku, hapa hapa Koboko. Mimi mumeo nikakuambia wazi: "Huyu si damu yetu. Wewe ulikosea tu."

"Nilikosea kusikia," ukasema. "Kujibu sikukosea."

Ukaenda kumtandikia.

Kila asubuhi ulinawa uso, ukagusa paji la uso kwa maji, ukasema, "Nakataa," ndipo ukabeba simsim yako. Wenzako sokoni wakileta umbea, uliwaambia, "Leo nimekataa tayari, nendeni kwa mwingine." Nami nilipotaka kumpiga jirani kwa sababu ng'ombe wake walikula mihogo yetu, uliniuliza tu: "Baba Lillian, wewe ulibatizwa au ulilowa tu?"

Mimi sikusoma sana. Ubatizo niliuelewa kwa swali hilo. Jirani yule hajui ni nani alimwokoa.

Basi juzi Suzan alikuja mwenyewe, kichwa kimejaa mvi. Akamwambia Yangi, "Mwanangu, siku ile sikukataa kuja. Nilikuwa njiani. Sasa nimefika."

Yangi akacheka mpaka akafuta machozi, akakubali. Suzan atalala hapa Jumamosi, mpira usimfungie njia tena.

"Iko hapa" yako haikuwa bure. Ilichukua kitanda chetu, tukalala kwenye mkeka. Ilichukua mbuzi wako mmoja baada ya mwingine, wakaenda shuleni na Yangi. Ilichukua kipande cha shamba la simsim, ambapo leo nyumba yake imesimama. Na mimi, niliyesema si damu yetu, ilinichukua nikawa baba yake.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Afedra, binti yetu Lillian, mwanao Yangi na mke wake Jovia, kaka yako Alionzi, na Suzan wa kuchelewa. Jina lako likiitwa popote, sisi tutajibu.