Matango ya Kwenye Shina

...na yale matango madogo niliyokusifia kwenye kadi iliyopita, dada Zuhura, kumbe si matango! Ni mabirimbi, na ukali wake unashinda ndimu.

Fungate imekwisha, kwa hiyo jana nilimpikia Bi Esha, mama yake Shee wangu, kwa mara ya kwanza hapa Pate. Nilitaka sana anikubali. Nikayakuta kikapuni jikoni, nikayakata membamba na vitunguu, nikafanya kachumbari bakuli zima. Wifi yangu alionja akafumba macho. "Bibi arusi ametulisha mabirimbi mabichi! Haya ni ya achari!" Nilitamani kujificha chini ya mkeka.

Shee akalivuta bakuli kwake, akala kijiko baada ya kijiko huku machozi yanamtoka. "Tamu," akasema. Dada, nani mwingine ana mume kama huyu?

Bi Esha alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Huyu tangu utotoni birimbi hali hata kwa fimbo," akaniambia. "Njoo, mwanangu." Akanishika mkono hadi uani, akanionyesha mti wenyewe. Yameota kwenye shina, mafungu mafungu, kana kwamba mtu ameyabandika. Tukachuma pamoja, tukatia achari.

Wabusu watoto wote hapo Pumwani. Chupa yako imeanikwa juani, na Shee amekubali kunileta kwenu kabla mwezi huu haujaisha. Nitaipakata njia nzima.

Mdogo wako akupendaye,
Saida