Nguzo ya Nyuma

Sieni, unakumbuka jirani Lagi alivyoniuliza mwaka ule? "Mama, mzee amechora kisiwa kizima cha Savai'i, wewe amekuchora wapi?" Nilicheka. Leo sicheki.

Tulikuwa kwenye nyumba aliyokulia marehemu mume wangu. Kamati inaikarabati iwe ukumbusho wake, lakini nguzo zimeliwa na mchwa, na ni moja tu itakayobaki ya zamani. Mchungaji akaniuliza ibaki ipi. Nikasema ya mbele, aliyokuwa akiiegemea wakati wa sala.

Fuatino, jirani yao wa utotoni, akadakia, "Hapana dada, ya nyuma! Huko ndiko alikojificha ili mama yake asimwone akichonga." Akapiga magoti, akapangusa vumbi kwa kitambaa chake.

Sieni, ni msichana! Kachongwa kwa kisu, amebeba kikapu cha magimbi.

"Huyu ni mimi," akasema. "Tulikuwa watoto. Hebu tazameni hiyo pua!" Wakacheka wote, hata mchungaji. Wakakubaliana ibaki hiyo.

Na kweli ni yeye, pua ileile! Mimi nimempikia yule mwanamume miaka yote, nimemwoshea brashi zake, na hata kidole changu hakukichora.

Mungu anisamehe. Unajua Fuatino hajawahi kuolewa. Nikamwambia mbele ya wote, "Alikuchora, sasa mbona hakukuoa?"

Mchungaji aliinamisha kichwa. Fuatino alikuwa bado amepiga magoti, mkono wake juu ya nguzo. Akainuka taratibu, akaokota ndala zake, akatoka.