Usimshitaki Mpangaji Mwenzako Bado

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, ingawa najua ile shikamoo uliiandika huku unacheka. Nimekuzidi miaka minne tu, lakini babu yako ni kaka yangu, kwa hiyo utaniamkia mpaka uzoee. Hapa Tunduma wote wazima, bibi yako tu anakohoa kidogo.

Unauliza kama umshitaki mpangaji mwenzako kwa mwenye nyumba, kwa kuwa mchicha wako wa kwenye viroba unakauka na yeye ndiye anayepita pale. Ngoja kwanza.

Mwaka jana nilipanda figiri kwenye viroba sita nilivyopewa bure na wapakiaji wa malori mpakani. Nikautambia mtaa mzima. Wiki ya pili majani yakaanza kuungua pembeni. Nikamshuku Mama Tumaini, jirani anayefulia karibu na pale. Nikawa namvizia dirishani, nanusa udongo akiondoka. Mwisho nikamwambia mbele ya wapangaji wote kwamba ananimwagia maji ya sabuni makusudi.

Hakugombana. Alikata pindo la kiroba kimoja, akanipa.

"Haya bwana shamba, lamba."

Nikalamba. Chumvi tupu. Viroba vilibeba chumvi, nami sikuvisuuza. Wewe onja vyako kabla hujaenda kwa mwenye nyumba.

Yule mama ndiye aliyekuwa akinipa ugali kila nikiishiwa. Nilimwomba radhi, akasema yameisha. Siku hizi figiri zangu zimestawi hasa. Nikimpelekea anazipokea mlangoni, anashukuru, anafunga.

Babu yako asiye na mvi,
Ayubu