Abti Aliniuliza Kama Nilifika Sangailu

Garissa, Jumatano, magharibi inakaribia. Joto la leo halisemeki, feni inazungusha vumbi tu. Nimefungua kompyuta mara tatu na mara tatu nimeifunga.

Wacha niseme tu. Ng'ombe wanne wa abti wamekufa kwa sababu ya maandishi yangu.

Abti Daud ni kaka yake mama. Sisi Wasomali mjomba tunamwita abti, naye ananiita abti vilevile. Anachunga upande wa Kotile, karibu na mto, ambako nyasi zimekwisha lakini maji angalau yapo. Wiki mbili zilizopita niliandika kwenye blogu hii kwamba Sangailu, kule Ijara, kumenyesha. Kichwa nilikiita "Sangailu Yageuka Kijani". Nilijipigia makofi kwa kile kichwa, wallahi.

Nilichokijua hasa ni kidogo. Mama mmoja anayeuza chai kule aliniambia kwa simu kwamba mvua ilipiga mara moja, upande mmoja tu, nyasi zimeanza kuchipua, mabwawa bado matupu. Yote hayo niliyaandika, sikudanganya. Lakini nilianza na kijani, mabwawa nikayasukuma chini kabisa, aya ya sita, baada ya picha.

Picha yenyewe ilikuwa ya mwaka jana.

Kwa nini? Kwenye mafunzo ya mtandaoni niliyohudhuria, mwalimu alitukaririsha: msomaji wa simu hana subira, mpe utamu kwanza, sentensi ziwe fupi, toa "labda", toa "nasikia". Mafunzo hayakuwa mabaya. Maandishi yangu ya zamani yalikuwa mzigo, hata mimi nilikuwa nasinzia nikiyasoma. Ila niliitoa "nasikia" mahali ambapo ndiyo ilikuwa habari yote.

Na mimi ni Msomali wa hapa hapa, sina pa kujificha. Tangu utotoni naijua sahan: kabla familia haijahamisha mifugo, anatumwa mtu akaangalie malisho. Akirudi anapewa chai, halafu maswali yanaanza. Ulifika wapi? Uliona kwa macho yako au uliambiwa? Maji ni ya siku ngapi? Udongo ulikuwa na unyevu ulipoukanyaga? Hakuna anayemwambia afupishe. Mtu wa sahan huanza na ubaya, kwa sababu ubaya ndio unaoua mifugo. Mimi nilianza na utamu.

Safari hii watu wa Kotile hawakutuma mtu. Kuna aliyepiga picha kile kichwa cha habari na mistari miwili ya mwanzo, ikazunguka kwenye magrupu ya simu, mwenye duka wa Kotile akawasomea wafugaji. Wenzake abti walitaka sahan iende kwanza. Abti akawaambia, ya nini kumchosha mtu, aliyeandika ni mtoto wa dada yangu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Akahama na ng'ombe wake wote. Walikuta vijani vifupi ambavyo hata mbuzi angevisusa, na matope yaliyopasuka mahali pa maji. Wanne wameanguka njiani wakirudi mtoni. Mmoja ni yule mwekundu ambaye maziwa yake niliyanywa kila likizo ya shule. Hooyo, mama yangu, ndiye aliyenipa habari asubuhi, kisha akaingia jikoni. Mlango akaufunga.

Abti mwenyewe alipiga saa saba, alipopata mtandao. Nilijiandaa kutukanwa. Laiti angenitukana! Alinisalimia, akauliza afya yangu na ya Hooyo, halafu kwa sauti ya upole tu:

"Abti, ulifika Sangailu?"

Nikamwambia sikufika. Akasema, "Haya," akaongeza kwamba ana ng'ombe dhaifu wa kuinua, akakata simu.

Nilipofungua blogu nikaona lile andiko ndilo lililosomwa kuliko yote niliyowahi kuandika. Chini yake mtu wa Nairobi ameandika, "Safi sana dada, unajua kuandika."

Nilitaka kulifuta andiko lile. Lakini kufuta kungenisaidia mimi peke yangu. Ile picha ya kichwa bado iko kwenye simu za watu, na familia tatu za Kotile, ambazo hazikuwa zimepata habari za abti, zilikuwa zimepanga kuhama Ijumaa. Kwa hiyo nimekitoa kile kichwa, mahali pake nimeandika: "Nilikosea. Sangailu Haina Maji, Msihame." Chini yake nimesema kwamba sikufika, nimesema niliambiwa na nani na aliniambia nini, mabaya yakiwa mbele, na kwamba picha ni ya zamani. Halafu nikayarekodi yote kwa Kisomali, nikamtumia yule mwenye duka awasikilizishe.

Alinijibu baada ya sala ya alasiri. "Wamesikia, dada. Wamesimamisha safari. Lakini wamemtuma mtu akaangalie."

Meseji hiyo nimeisoma sijui mara ngapi. Nimefurahi kwamba wamesimama, alhamdulillahi. Nimelia pia, kwa sababu hata nikisema hakuna maji, sasa lazima mtu aende akahakikishe. Ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo, na bado inauma.

Kesho alfajiri kuna gari la Ijara. Nimeshafunga kibegi, na Hooyo amekuja kuweka tende juu yake. Nitapitia kwa abti kwanza, nimtazame usoni, halafu niendelee hadi Sangailu. Sijui nitaandika nini nikirudi, au kama kuna atakayesoma.

Lakini abti akiniuliza tena kama nilifika, nataka niwe na jibu.