Shavu la Kushoto

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na mwanenu, ambaye nasikia ameanza kusimama dede. Mimi huku ni mzima. Neno hilo sijaliandika kwa moyo mweupe miaka minne, ndiyo maana sikupiga simu. Nataka ulisome mara mbili.

Jumatatu nilirudi kwenye kipaza sauti cha stesheni. Treni ya saa mbili ilikuwa imechelewa, nami nikautangaza ucheleweshaji huo kwa madaha kana kwamba ni habari njema. Mpakia mizigo mmoja akasimama, akainua macho kwenye spika, akamwambia mwenzake, "Mwenyewe karudi." Nilimsikia kutoka dirishani. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Hukujua kwamba naumwa. Ni mshipa wa fahamu wa usoni, upande wa kushoto. Nikitafuna, nikiongea, hata upepo ukinigusa, ilikuwa kama umeme umepita shavuni. Daktari wa meno aling'oa magego mawili mazima, yasiyo na hatia. Maumivu yakabaki palepale. Vidonge navyo vilinilevya, nikaanza kutangaza treni zilizokwisha kuondoka. Mwishowe niliomba kuhamishiwa ofisi ya mizigo iliyopotea, nikasingizia koo.

Mwezi uliopita nilimpata daktari bingwa wa maumivu. Alinieleza kwamba hakuna haja ya kupasuliwa. Walinilaza usingizi kidogo, wakapitisha sindano nyembamba shavuni wakiifuata kwa picha za eksirei, kisha wakaniamsha ili niwaonyeshe kwa kidole ninapohisi msisimko wake. Walipohakikisha, wakanilaza tena na kuunguza sehemu ile ya mshipa kwa joto la ncha ya sindano. Nikatoka na plasta ndogo kama mtoto aliyechanjwa. Jioni nikatafuna mkate kwa upande wa kushoto, nikalia. Shavu lina ganzi kidogo, na daktari aliniambia wazi kwamba maumivu yanaweza kurudi baada ya miaka. Yakirudi, nasi tutarudi na sindano.

Sasa lile lililonikalisha kuandika. Siku ya harusi yenu nilipaswa kuzungumza kwa niaba ya wazazi wetu, Mungu awarehemu. Nilikaa nimekunja uso, sikula, sikucheka, na zamu yangu ilipofika nikatoka nje. Najua watu walisema nimemdharau bibi harusi. Wewe mwenyewe uliniuliza kama simpendi, nikanyamaza. Mdogo wangu, kinywa kilikuwa hakifunguki. Nilikuwa nyuma ya ukumbi, nimeegemea ukuta, machozi yananitoka. Nikaona heri nidhaniwe nina kiburi kuliko kuonewa huruma, na aibu hiyo nikaiacha imwangukie mkeo miaka mitatu. Hilo ni kosa langu, si la mshipa.

Hotuba ninayo bado. Mkiniruhusu, nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi niitoe mezani kwenu, mbele ya wifi, neno kwa neno. Nimeipima: dakika sita. Sitapunguza hata moja.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mbusu mtoto, na mwambie wifi asijisumbue kunipikia vyakula vilaini. Siku hizi natafuna.

Ni mimi dada yako,
Sauti ya Stesheni